Mwenyeji Tuliyemmwagia Maji

Ndugu zangu wauza miche na maua wa Boko, wanamapambano wenzangu mliosimama nami kando ya barabara kipupwe kizima: barua hii nimemwandikia baba yangu, lakini naisoma mbele yenu kwa sababu jambo lililomo ndani yake tulilitenda pamoja, na mimi ndiye niliyewaongoza kulitenda. Naomba msinikatize. Leo sitaki makofi.

Mpendwa Baba,

Arobaini yako imepita. Kule Manzese mama amekunja mikeka ya msiba, viti vya kukodi vimerudi kwa mwenyewe, na chumba kimekuwa kikubwa kuliko tulivyokizoea. Koti lako la mvua bado linaning'inia msumarini. Jana nilitia mkono mfukoni mwake nikakuta vipande vya mkaa, vidogo kama punje za mahindi, vile ulivyokuwa ukivipondaponda kwa nyundo kwa ajili ya ndoo ya Mwenyeji. Nilivishika hadi kiganja kikawa cheusi. Sikunawa mpaka mama aliponiita kula.

Unaikumbuka siku ile ya greda? Nilikuwa darasa la nne. Ulikuwa umekwisha kuacha kubeba magunia sokoni Tandale, mgongo ukiwa umekataa, na ndiyo kwanza ulikuwa unajifunza kuotesha miche. Ulinichukua Boko tukatafute samadi. Tukafika penye uwanja wa nyasi, greda likiusawazisha kwa ajili ya viwanja vya nyumba, na mbele ya lile bamba la chuma yamesimama mabua matatu membamba yenye urefu wangu, yamejaa maua ya manjano kuanzia katikati hadi kileleni. Sikuwa nimewahi kuona manjano ya namna ile. Ulimwinulia dereva mkono.

"Braza, nipe dakika tano tu."

"Mzee, hayo maua hayaliwi!"

"Najua. Zima kidogo."

Yule dereva akacheka, akazima, akawasha sigara. Ulipiga magoti ukachimba kwa kisu na kwa kucha, ukatoa viazi vyake vilivyoshikana kama tangawizi, ukavua shati na kuvifunga humo pamoja na udongo wake. Tulirudi nyumbani wewe ukiwa kifua wazi ndani ya koti hili hili. Nilikuuliza mmea ule unaitwaje. Ukanijibu kwamba jina lake halijui hata dereva wa greda, kisha ukafikiri kidogo. "Sisi wote hapa Boko tumekuja na mizigo yetu. Huyu tumemkuta. Tumwite Mwenyeji."

Tangu siku hiyo sikukusikia ukisema "ule mmea." Ulisema "Mwenyeji," kama unavyomtaja mtu wa nyumba ya pili.

Ulimtafutia ndoo kuukuu ya rangi, ukaitoboa kitako kwa msumari uliochomwa jikoni, ukaipandisha juu ya matofali mawili ili isigusane na ardhi. Ukamchanganyia mchanga mnene, makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, mkaa. Na juu ya vyote hivyo, kila mwaka kabla ya mvua za vuli, mkono mmoja wa udongo wa kwao. Hapo ndipo wenzako walipokuona umezeeka kabla ya wakati. Ule uwanja ulikuwa umekwisha kuwa nyumba yenye ukuta na geti jeusi, nyumba ya Mama Zainabu, yule mama wa Kihindi ambaye mumewe ana duka la vifaa vya ujenzi. Ulibisha hodi mara ya kwanza ukiwa na kofia mkononi, ukaomba udongo. Mlinzi alidhani umechanganyikiwa. Mama Zainabu mwenyewe alitoka, akakusikiliza hadi mwisho, akakufungulia. Ikawa desturi. Kila mwaka ulipita geti lile, ukainama chini ya ukuta wa nyuma, ukachota kiganja kimoja, ukaaga.

Na Mwenyeji alikulipa kwa njia yake. Kila vuli ilipoanza bua lilitoka ardhini bila jani hata moja, likapanda, likatoa maua yake, na magari yakapunguza mwendo mbele ya kibanda chetu. Wateja walishuka wakiuliza yeye tu, wakiyaruka mawaridi na michikichi ya mapambo. Nawe jibu lako lilikuwa moja: "Huyo hauzwi, mama. Chagua mwingine." Nilikuwa naona aibu kwa niaba yako.

Lakini nataka kuandika juu ya usingizi wake.

Baada ya masika majani yake yalikuwa yakigeuka rangi, yakalala chini, yakakauka kabisa, na ndoo ikabaki mchanga mtupu. Uliisogeza ukutani, ukaifunika kipande cha bati, na hukuipa tone la maji hadi vuli. Mwaka wa kwanza nililia. "Baba, kafa."

"Kalala."

"Utajuaje?"

"Sijui. Namwacha."

Baba, nimekaa chuo kikuu miaka mitatu. Nimesoma vitabu vya watu waliozipindua nchi juu chini. Nimesimama juu ya meza ya bwalo la chakula nikahutubia hadi sauti ikakatika, nikaandikiwa barua ya onyo nikaibandika ukutani kama cheti. Katika yote hayo sikuwahi kulitamka neno "sijui" mbele ya watu. Nililiona ni neno la walioshindwa. Wewe ulinitazama ukatabasamu, na kila nilipoanza kuunguruma mezani uliinua kidole: "Mheshimiwa Spika, taarifa! Chai inapoa." Mama alicheka hadi akashika ubavu. Nami nilinuna, kwa sababu niliamini kwamba utani wako ni namna ya kukubali kuonewa.

Ndipo ikaja ile alama nyekundu. Walipita watu wa barabara wenye kopo la rangi, wakachora mkasi wao, ile X ya kubomoa, juu ya kila kibanda cha miche kando ya barabara, wakasema tuondoke kabla ya mwaka kwisha. Wiki hiyo hiyo kifua chako kikabana, ukalazwa. Nilipokuwa nakufungia nguo ulinishika mkono ukaniagiza kitu kimoja tu. Hukuniagiza mawaridi wala michikichi. "Mwenyeji mwache tu. Usimfanye chochote."

Usimfanye chochote! Ni agizo jepesi kuliko yote ambayo mzazi amewahi kumpa mtoto, na mimi, niliyejinadi kuwa naweza kubeba taifa, halikunishinda uzito. Lilinishinda wepesi.

Niliitisha mkutano. Ndugu zangu hawa walikuja wote, wakaketi juu ya ndoo na mifuko ya mbolea. Nilihitaji mfano, Baba. Hotuba bila mfano huwa inaelea. Nikaifunua ile ndoo, nikaiinua juu kwa mikono miwili mbele ya macho yao, mchanga mtupu, bua kavu limelala. Nikasema: tazameni, hivi ndivyo wanavyotutaka tuwe! Nikasema: huyu alikuwa hapa kabla ya barabara, kabla ya kuta, na sasa anakufa kwa kiu huku sisi tunatazama! Wakapiga makofi. Mimi mwenyewe nililengwa na machozi, niliguswa na maneno yangu mwenyewe.

Mama Neema peke yake ndiye aliyesimama. Jirani yako wa kibanda, aliyekujua tangu Tandale.

"We Eliza, baba'ako hamwagiliagi hiyo ndoo saa hizi. Huyo kalala."

Nami nikamjibu mtu mzima mbele ya kadamnasi: "Kulala ndiko kulikotufikisha hapa, Mama Neema!"

Watu wakalipuka. Mmoja akapaza sauti, "Mama Neema, kaa chini, unatuchelewesha!" Mwingine akasema, "Mwacheni, na yeye kalala!" Wakacheka. Mama Neema alikaa, akafunga kanga yake upya kiunoni. Kisha nikabuni ibada. Kila mmoja apite, achote kopo moja la maji, ammwagie Mwenyeji, iwe ishara ya mshikamano wetu. Walipita mmoja baada ya mwingine. Maji yalipochuruzika kitakoni yakalowesha viatu vyangu niliona huo ni ushindi. Na ili yasipotee bure, niliiteremsha ndoo kutoka kwenye matofali yake nikaiketisha ndani ya beseni. Kila asubuhi kwa wiki mbili nilikuja nikaongeza.

Harufu ndiyo iliyoniambia. Nilidhani ni panya amekufia nyuma ya kibanda. Nilipomimina ule mchanga, viazi vyako vilipasuka mkononi kama parachichi lililoiva kupita kiasi, vikatoa maji ya kahawia. Nilikaa chini katikati ya barabara na kibanda. Magari yalipita. Hakuna aliyepunguza mwendo.

Siku ile nilikuja hospitali kukuambia. Nakuapia nilikuja kwa nia hiyo. Niliyarudia maneno njia nzima. Ulikuwa umekonda, mabega yamejitokeza chini ya shuka, na kabla sijakusalimu uliuliza.

"Mwenyeji?"

"Amelala, Baba."

Ulifumba macho. "Vizuri. Vuli haiko mbali."

Siku ya tatu tukaitwa.

Hilo ndilo ninaloishi nalo. Mmea ningeweza kusema niliukosea kwa kutojua. Lile neno la pale kitandani sikulikosea. Nililichagua. Sauti hii inayosifiwa kwa ushujaa ilikuwa mbele ya mtu mmoja, mgonjwa, anayenipenda, na ikashindwa kusema ukweli. Na ndugu zangu mnaonisikiliza sasa hivi mkiniuliza kwa nini tangu msiba sijapanda juu ya kiti kuwahutubia, hili ndilo jibu.

Baada ya maziko nilirudi kwenye ule uchafu, nikaupekua wote kwa vidole. Nikapata kiazi kimoja kigumu, hakizidi pingili ya kidole changu kidogo, upande mmoja umeoza. Nikaukata upande ule kwa kisu chako, nikapaka jeraha majivu kama ulivyokuwa ukifanya kwa tangawizi ya mama, nikakikausha kivulini. Nikaosha ndoo. Nikairudisha juu ya matofali yake mawili. Mchanga, makumbi, mkaa. Ukabaki udongo wa kwao.

Nikaenda kwenye geti jeusi. Sikuwa na kofia ya kuvua, nikakunja mikono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa yule mzee wa udongo. Mwaka huu amechelewa sana, nimeshamuuliza mlinzi mara mbili."

Nikamwambia umefariki. Alishika pindo la mtandio wake, akasema maneno ya dua yake kwa sauti ya chini. Kisha akauliza, kwa wema kabisa, kile kile ulichoniuliza wewe: "Na ua lake halijambo?"

Baba, nilikuwa na neno lile lile tayari mdomoni. Lilikuwa limekwisha kupata njia. Nikalimeza. Nikamwambia nimeliozesha kwa maji, nimebaki na kipande kidogo, na sijui kama ki hai. Hakunifariji, nami nilimshukuru kwa hilo. Alinipeleka nyuma ya ukuta, akanionyesha pahala ambapo hajapaka saruji. Uani kote kuna saruji, Baba, isipokuwa mraba ule unaotosha mtu mmoja kuinama. "Nilimwambia achukue ndoo nzima," akasema, "akakataa. Mkono mmoja tu, kila mwaka. Mimi nikadhani ananionea haya."

Nilichota mkono mmoja.

Mvua ya kwanza ya vuli imenyesha juzi. Mchanga ndani ya ndoo umelowa wenyewe, umekauka wenyewe. Hakuna kilichotokeza. Kila nikipita vidole vinaniwasha kufukua nitazame, angalau upande mmoja, angalau kwa ncha ya kijiti. Hata juu ya ile tarehe ya kuondoka kando ya barabara sina la kusema; huenda tutaondolewa, huenda tutapewa pengine, na mimi sina tena ile hotuba ya kuwahakikishia watu kwamba tutashinda. Nikiulizwa kama Mwenyeji amekufa au amelala, nalazimika kuliazima lile jibu lako fupi, na bado linanikwaruza kooni nikilitoa.

Mama Neema, nakuomba radhi mbele ya hao hao waliokucheka. Ulikuwa unasema kweli, nami nilikuwa nasema vizuri.

Nawe, Baba, sikuombi unisamehe leo. Nakuambia tu lile nililopaswa kukuambia ulipofumbua mdomo kuniuliza: hakuwa amelala. Nilimuua mimi, isipokuwa kipande kimoja. Pumzika sasa, na koti lako nitalivaa mvua zikizidi.

Mwanao wa kwanza,
uliyemwita Mheshimiwa.

Ndugu zangu, kikao kijacho ni Jumamosi, saa nne kamili asubuhi, uani kwa Mama Neema, na yeye ndiye atakayekifungua. Tutazungumzia vibanda. Ndoo itakuwepo, juu ya matofali yake mawili, penye kivuli. Njooni mikono mitupu. Asije mtu na maji.