Neno Moja Katika Barua ya Akina Mama

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. Natumai u mzima, na kile kifua kinachokusumbua wakati wa baridi kimetulia. Mimi ni mzima, tena zaidi ya mzima: nimeolewa! Leo ni siku ya ishirini na tatu. Najua wewe ndiye uliyepaswa kunikabidhi kwa mume, lakini barabara imefungwa tangu vita vianze, wewe umebaki na jeshi la serikali upande huo wa mto nami upande huu. Mama mdogo alinikabidhi badala yako. Alilia kwa niaba yako, akazidisha.

Shemeji yako ni mkalimani katika ofisi ya wale wageni wa ng'ambo waliokuja kufuatilia vita vyetu. Nikuambieje, kaka? Akicheka hufumba macho yote mawili. Hunimenyea chungwa ganda likatoka zima bila kukatika, kisha hunivisha kama bangili, na mimi mtu mzima nashinda nalo jikoni mpaka linakauka. Tunakaa vyumba viwili nyuma ya duka la ushonaji la baba mkwe, kwa hiyo naamshwa na mlio wa cherehani na kutwa nina nyuzi kwenye nywele. Mama mkwe ananiita Mwanafunzi kwa sababu nilimaliza kidato cha nne. Anasema mchuzi wangu umefaulu, ila kwa daraja la tatu.

Hapa dukani mazungumzo ni hayo kwa hayo: je, wageni wawape silaha wapiganaji, hao ambao redio yenu inawaita waasi? Shemeji yako alikuwa akisema wawape, tena nzito, la sivyo vita hivi vitatuzeesha. Moto hauzimwi kwa mate. Baba mkwe humjibu pini zikiwa mdomoni kwamba anayekupa panga ndiye atakayekuonyesha pa kulima, na kwamba yeye, kwa umri wake wote, hajaona bunduki iliyorudishwa kwa mwenyewe baada ya vita. Hata huko kwao wageni hawakuelewana. Bunge lao lilibishana miezi mingi. Siku moja niliulizwa maoni yangu, nikasema nakubaliana na mume wangu. Mama mkwe akasema huyu bado ana asali mdomoni, kura yake isihesabiwe. Tulicheka sana.

Wiki ile ile ya harusi surua nayo ilikuwa imeingia mtaani. Muuguzi wa zahanati, huyu huyu atakayekuletea barua hii kwa kuwa anaruhusiwa kuvuka na wagonjwa, alikuwa na vitanda sita na watoto kumi na mmoja, na chanjo ilikuwa imekwisha. Akina mama wakaamua kuwaandikia wageni. Kwa kuwa mimi ndiye msomi wa mtaa, nikapewa kalamu. Mama thelathini na mmoja wakatia vidole gumba vyao kwa wino wa buluu. Shemeji yako akaitafsiri barua ofisini, siku ya tatu ya ndoa yetu, wenzake wakimtania kwamba bwana harusi anasinzia mezani.

Wiki iliyofuata alirudi mbio, akaninyanyua mbele ya baba yake bila haya. Alisema barua ya akina mama imesomwa katika bunge lao, watu wamesimama, mabishano yamekwisha. Siku mbili baadaye malori yakaanza kushusha makasha. Ya silaha, kaka. Chanjo haikuwemo.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata muuguzi halijui. Aliniagiza niandike waziwazi kwamba tunaomba chanjo. Sikuandika hivyo. Neno hilo nililiona la kawaida mno, la kwenye kadi ya kliniki. Nilitaka barua ipendeze, mume wangu aone ameoa mtu anayejua kuandika. Niliandika: "Watoto wetu wanakufa kwa kukosa kinga. Tuleteeni kinga, nasi tutaipokea kwa mikono yetu wenyewe." Naye, ambaye kutwa anatafsiri habari za vita, aliposoma kinga akaona silaha za kujikinga. Hakuniuliza. Siku ile aliponinyanyua alinisomea jinsi alivyoitafsiri, nikaelewa palepale, miguu yangu ikiwa haijagusa chini. Lakini alikuwa na furaha mno. Nilijiambia nitasema kesho, na kesho hizo zikafika nane.

Juzi nilimwambia. Alikaa kitandani na kiatu kimoja mguuni, kisha akavaa cha pili akaenda kwa mkubwa wake. Aliporudi aliniambia mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho bila hasira, akamjibu, "Bungeni walikuwa wameshaamua. Walichokosa ni barua tu. Isingekuwa hii, ingekuwa nyingine." Kuhusu chanjo, alishauri ombi liandikwe upya lipelekwe ofisi inayohusika. Nimeliandika upya. Katika wale kumi na mmoja, tumeshawazika wanne.

Tangu hapo mume wangu hanigombezi wala hanitanii. Baba mkwe anashona mikanda ya kubebea risasi. Alikataa siku ya kwanza, siku ya pili hakuulizwa tena, aliletewa turubai tu. Jana mpiganaji mmoja alikuja kuichukua. Alinisalimu kwa heshima, akaniita Mama Kinga, akanishukuru kwa kalamu yangu. Halafu, kwa furaha ya mtu aliyepata kitu kipya, akamwambia baba mkwe kwamba silaha mpya zitajaribiwa darajani kwanza, Jumatatu ijayo.

Daraja ni moja tu, kaka, na wewe ndiye unayelilinda.

Najua askari hachagui lindo. Najua pia kwamba ukiwaonya wenzako, watajiandaa, na watakaokufa watakuwa wa mtaa wangu, na shemeji yako ataulizwa nani alisema. Nimeliwaza jambo hili kila upande, sioni pa kutokea. Ninachokuomba ni kidogo. Mwendee mkubwa wako, mwambie umefiwa na unaomba ruhusa. Sema ni dada yako, mdogo wako wa pekee, surua imemchukua. Lia mbele yake kama utaweza. Nakuruhusu uniue mimi. Nitakuwa hapa jikoni nikisubiri kusikia kwamba ulikwenda kunizika.

Mama mdogo na wakwe zangu wanakusalimu. Shemeji yako pia angekusalimu, lakini hajui kwamba nakuandikia. Ichome barua hii ukimaliza kuisoma.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba