Masizi Juu ya Picha ya Baba

Khuê mwanangu,

Uji uko jikoni, upashe. Rangi ya kijani haijakauka, usiegemee ukuta. Nimekwenda kwa mama yako mdogo, kule mjini Hội An. ~~Sirudi.~~ Nitarudi Jumapili.

Asubuhi nimewasha udi wa marehemu baba yako, nikainua macho: weusi wote wa ukutani, juu ya picha yake, umeupaka rangi! Nawe ukanijibu, "Mama, si uchafu tu ule?" Uchafu! Yale ni masizi ya udi wangu, kijiti kimoja kila siku, miaka ishirini na sita.

Sebule imependeza, sikatai. Saa kuukuu na viti vya mtumba, vitu vya marehemu wa watu, umevipangusa kwa upole. Wetu ndiye uliyemfuta.

Udi uko kwenye droo. Kuanzia leo washa wewe. Mimi sina miaka mingine ishirini na sita.

Mama