Alama ya Video ya Marehemu

Jumatatu, 3 Juni
Baridi ya Mbinga haina adabu. Nimelinganisha alama ya mfumo mpya, ile mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutoka faili zima, na ile ya watengenezaji, kabla ya kuuingiza kwenye kompyuta za ofisi. Zimefanana. Mhasibu kasahau nywila, anataka nimsomee. Siwezi. Kompyuta haihifadhi nywila, inahifadhi alama yake, na alama hairudi nyuma. Unga haurudi kuwa mahindi. Kanuna.

Jumatano, 12 Juni
Mama Frida kapiga simu kutoka Kihagara. Shemeji yake anadai nyumba na shamba la mihogo. Jumanne kesi iko baraza la ardhi. Ushahidi wake ni video tu: marehemu mumewe akisema vyote ni vya mkewe. Marehemu aliniletea video hiyo mwenyewe Machi, akiwa hai, nikaitolea alama: herufi na tarakimu sitini na nne. Nikampa nakala ya alama kwenye karatasi, nyingine nikampa mdogo wake, huyuhuyu shemeji. Nikajigamba: ikiguswa nukta moja, alama yote inageuka. Video sikuitazama wala sikubaki nayo. Mambo ya nyumba ya mtu.

Ijumaa, 14 Juni
Nimeshuka Kihagara. Nimeitolea alama video iliyo kwenye simu ya mama; haifanani na ya Machi hata kidogo. Nimerudia. Vilevile. Kumbe simu ya mama ilijaa video za kwaya. Akairusha ya marehemu kwenye kundi la familia, akaifuta kwenye simu, kisha akaipakua tena kutoka kundini. Wote huku hufanya hivyo. Mtandao uliibana ipungue uzito. Uso uleule, sauti ileile, faili jingine.
"Mwanangu, si ni yeye huyu anaongea?"
"Ni yeye, mama." Nimeogopa.

Jumanne, 18 Juni
Baraza. Shemeji katoa karatasi yangu. Hakupayuka hata. "Afisa, ulisema mwenyewe nukta moja tu." Nikaeleza habari ya kubanwa. Wazee wakanisikiliza kwa heshima. Mwenyekiti akauliza kama naweza kuthibitisha kwamba haikuchezewa.
Siwezi. Nimelisema mbele ya Mama Frida. Video imewekwa kando, nyumba na shamba kapewa shemeji. Najichukia.

Jumapili, 23 Juni
Mama Frida kahamia kwa dada yake, Kigonsera. Kanitumia usipa, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga. Hakuna lawama. Afadhali angenitukana.
Nakala ya alama bado ninayo. Ilitoka kwenye maneno ya marehemu, yale yenyewe. Nimeisoma polepole, herufi kwa herufi, hadi mwisho. Hamna neno lake hata moja.
Nimekula samaki. Nje baridi tena.