Sauti ya Mama Kwenye Simu ya Mkubwa

3 Machi

Mama, shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya miezi yote hii. Kila nikishika kalamu nilikuwa naona aibu. Mgongo unaendeleaje? Na mwanangu, bado anakojoa kitandani? Tangu wanitupe kwenye zamu za usiku hata ndotoni simpati.

Yale malalamiko yangu juu ya mkuu wa kituo yametupwa. Wamesema kama kweli alikuwa ananishikashika kwenye chumba cha silaha, mbona kila asubuhi niliendelea kumpigia saluti. Mama, askari asiyempigia mkubwa wake saluti anashtakiwa. Nikipiga, nimeongopa; nisipopiga, nimeasi.

Nimekata rufaa, itasikilizwa mwezi ujao. Wenzangu wananiita Mheshimiwa Jaji, nikiingia wanasimama. Nacheka nao, nitafanyaje. Usimwambie mtu.

Mwanao

19 Machi

Mwanangu, marahaba. Sisi wazima, mgongo ndio huu wa uzee. Mtoto siku hizi anaamka mkavu.

Usikasirike. Mkubwa wako alikuja hapa na mkewe. Mtu mzima yule, kakaa kwa adabu kama mkwe, kampakata mtoto, kamletea na blanketi. Akasema, "Mama, shetani alinipitia kwa binti yako, nisamehe." Sasa mtu akikuangukia mbele ya mkewe, utamfukuza? Nikamwambia yameisha. Akatoa simu, akaniomba niyaseme tena, eti wakubwa wakisikia watakurudisha zamu za mchana. Nikayasema. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu. Lea mtoto wako.

Mama yako

27 Aprili

Mama, shikamoo. Natumaini mgongo umepoa. Mimi mzima, nashukuru.

Kwenye rufaa waliiwasha ile simu yake. Nikasikia sauti yako, na kile kicheko chako cha wageni: "Yameisha baba, hayo mambo ya vijana." Ya shetani hayamo. Alianza kurekodi baadaye. Mwenyekiti akaniuliza, "Mama mzazi kasamehe, wewe unadai nini?" Nilikuwa namsikia na mwanangu humo ndani, anacheka, yuko mapajani mwa huyo mkubwa.

Najua ulitaka nipumzike. Lakini aliyeshikwa ni mimi, mama. Msamaha ule haukuwa wako wa kutoa, na hukuniuliza.

Wamenipa wiki mbili nilete ushahidi. Anayeomba msamaha amekiri, na aliyemsikia ni wewe. Kwa hiyo nahitaji unitumie haya: maneno yake ya shetani, uyaandike kwa mkono wako kama alivyoyasema kabla ya kutoa simu, uweke na sahihi. Ukiona huwezi, sema mapema nisikae nikingoja. Nguo za mtoto, zote. Kadi yake ya kliniki. Viatu vyake vyeusi, hata kama vimeanza kumbana. Blanketi libaki huko. Na mtoto mwenyewe. Mdogo wangu amlete Jumamosi. Usiku jirani atalala naye.

Mwanao