Kiungulia cha Mke Mwenzangu

Mume wangu Saidi,

Shikamoo yako imefika Mnyambe, nami bibi yako naitikia marahaba. Mama yako hajambo, na mikorosho imeanza kutoa maua.

Nimesomewa barua yako. Unasema huko maabara mnachunguza kitu kinachoziamuru chembe za tumbo zikue ovyo, kabla saratani haijaonekana. Halafu unauliza mke mwenzangu Somoe alianzaje kuugua. Somoe tu! Umekuwa kama babu yako.

Alianza na kiungulia. Biashara ilikuwa imefunguliwa baada ya miaka ya uhaba, maduka ya Newala yamejaa vitu tulivyokwisha kuvisahau. Babu yako akawa anamnunulia maziwa ya kopo ya kumtuliza moto wa kifua. Mimi nikaambulia harufu. Somoe akatafuna udongo, akalala mchana, tumbo likaanza kujaa. Nikajua ni mimba. Nikakonda kwa wivu, naye akakonda kunishinda, ila tumbo lake likazidi kukua.

Kumbe hapakuwa na mtoto. Hospitali wakasema ni uvimbe wa siku nyingi.

“Mwenzangu,” aliniambia nilipokwenda kumtazama, “kila siku ulikuwa unaliangalia tumbo langu. Mbona hukuniuliza?”

Hata alipofariki nilimwonea wivu, kwa jinsi babu yako alivyomlilia.

Basi habari zake ndizo hizo. Mimi nami kiungulia hakiniachi tangu tulipomaliza kufunga, na chakula sikitaki. Mbona hujaniuliza?

Ni mimi mkeo aliye hai,
Bibi Fatu