Hedifoni ya Salma

Alkhamisi, baada ya Magharibi.

Pepo, eti! Bi Zuhura wa nyumba ya pili kaniletea chetezo cha ubani, kasikia mwanamme ananguruma chumbani kwa mjukuu wangu. "Si pepo, shoga, ni kanda ya roki." Hakuamini. Na kesho wanakuja watu kumposa Salma!

Nikamkokota mpaka Darajani kununua hedifoni. Muuzaji akatoa nyepesi, ya sponji. Nikamvisha Salma, kanda yake ikapigwa kwenye redio ya dukani, nikasimama mlangoni. Gitaa nalisikia lote.

"Hii inavuja, baba. Nataka iliyoziba."

Akatoa nzito, inafunika sikio zima kama bakuli. Nikasimama pale pale: kimya. "Bibi, hata ngoma zinasikika vizuri zaidi," Salma akasema. Nani kamuuliza?

Nimerudi najisifu njia nzima. Skuli sikukaa sana, lakini hedifoni nimechagua mimi.

Sasa nnaandika, na nyumba inanguruma. Kumbe Salma, kwa kuwa hajisikii sauti yake, anaimba pamoja na yule mwanamme wa kwenye kanda! Nimeyaziba masikio yake, mdomo nimeusahau.

Bi Zuhura karudi na chetezo chake. Safari hii nimekipokea.