Kicheko Kilichosikika Makaburini

Jumapili, Februari 2014. Eagan, Minnesota.

Jua limewaka kama la mwezi wa kumi Tabora, lakini usidanganyike, ni jua la kutazama tu. Baridi inachoma mpaka ndani ya pua. Gari limegoma kuwaka tangu asubuhi, kwa hiyo kanisani sikwenda. Kusema kweli hata lingewaka nisingekwenda. Nimechoka kupewa pole.

Leo ni siku ya nane tangu tumzike baba. Nasema "tumzike" kwa mazoea. Waliomzika ni wao, kule Tabora. Mimi nilikuwa jikoni hapa, simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari, kwa sababu pasipoti yangu iliisha muda nikazembea, na msiba ulipoingia ndiyo kwanza ilikuwa imetumwa ubalozini.

Na nilicheka.

Haya, nimeandika. Wamama wa Kikenya wa kanisani wamekuja hapa jioni tatu mfululizo na chapati na chupa za chai, wameimba, wameomba, na sijamwambia hata mmoja. Nawaambia ninyi msionijua.

Mimi ni pacha. Kwetu Unyamwezini anayetangulia huitwa Kulwa na anayefuata Doto, hamna mjadala. Nilimtangulia kaka yangu kwa dakika ishirini na naona bado hajanisamehe. Mama alikufa miaka sita iliyopita. Sasa baba naye hayupo, tumebaki wawili wa nyumba ile, na siku zote hizi huyo mwenzangu hakupokea simu yangu.

Baba alikuwa karani wa posta, mtu wa suti moja na uso wa jiwe. Tukiwa darasa la nne upepo uling'oa mabati ya sebuleni usiku. Mama analia, sisi tunalia, baba kakaa palepale kwenye kiti chake. Akatazama juu, akatazama nyota, akamwambia mama azime taa kwa kuwa mwanga sasa unatosha. Hakutabasamu. Mama alimrushia ndala.

Nilipokwenda kumwona mwaka 2011 nilibeba kompyuta na filamu moja ya udongo ambayo binti yangu Neema, wakati huo ana miaka sita, alikuwa haishi kuitazama. Ni zile za Waingereza, watu wanafinyangwa kwa mkono na kusogezwa kidogo kidogo, na ukikazia macho unaona alama za vidole vya mfinyanzi kwenye mashavu yao. Hii ina mzee na mkewe. Mzee kaunda mtambo wa kuchimba viazi, mtambo umepitiliza ukachimba chini ya nyumba, nyumba nzima inateleza taratibu kwenda mtoni. Vikombe vinahama meza. Mke anauliza kama aongeze chai. Mzee anasema nusu kikombe, asije akakosa usingizi. Mara meno yake ya bandia yanadondoka kwenye chai, tubwi! Anayaopoa kwa kijiko, anayapangusa kwa tai, anayarudisha mdomoni, anaendelea na gazeti.

Mwaka wa kumi na moja huu niko Minnesota, na vichekesho vya kwenye televisheni ya hapa vinanichosha. Watu wanapiga kelele, halafu kicheko cha kurekodiwa kinakuamuru ucheke. Wale wa udongo hawakuamuru chochote. Balaa linaingia mlangoni, wao wanachemsha maji. Hakuna anayesema nakupenda, anauliza utakunywa chai. Wenzangu kazini wanasema huo ni ubaridi wa Waingereza. Kwangu mimi hiyo ndiyo nyumba niliyolelewa.

Baba aliitazama mwanzo hadi mwisho, Neema kamlalia mapajani, hakutikisa hata unyusi. Ilipokwisha akasema, "Huyu mzee ni Mnyamwezi. Waingereza wamemwiba."

Safari ileile ndiyo nilimtengenezea meno. Kazi yangu ni hiyo, niko kwenye maabara ya meno ya bandia kule Saint Louis Park. Nilimjaza mdomo ule udongo laini tunaochukulia umbo la fizi, nikamwambia asiseme kitu kwa dakika tatu. Akainua mkono wa kulia, kama shahidi anayeapa mahakamani, akakaa hivyohivyo dakika zote tatu. Nilirudi huku na umbo lile nikayatengeneza, bosi akaniruhusu, nikayatuma. Aliyavaa kanisani tu. Siku nyingine yalikaa kwenye glasi ya maji dirishani. Alidai meno ya Marekani yanaogopa ugali.

Sasa msiba. Kwetu msiba una mtani. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, na mtani ana haki ya kufanya mzaha pale ambapo wengine wote tunatakiwa kulia. Mtani wa baba ni Mzee Pazi, Mzaramo aliyekuja Tabora na kazi ya reli akazeekea hapo. Tulipomzika mama alivaa kitenge cha marehemu akazunguka uani akigombeza watu kwa sauti yake mama, kwamba vyombo havijaoshwa na wageni wamekaa tu. Baba alilia na kucheka kwa pamoja, machozi yakiingia mdomoni. Nadhani ndicho kilichomfikisha kesho yake.

Safari hii Doto alikataza. Yeye ni mzee wa kanisa, alitaka msiba wa heshima. Mzee Pazi akaambiwa akae na wageni wengine, akakaa.

Mazishi yalikuwa saa tisa alasiri kwao, kwangu saa kumi na mbili asubuhi ya Jumamosi. Mpango ulikuwa hivi: Doto asome wasifu wa marehemu, halafu simu iwekwe kwenye kipaza sauti nami, kama mtoto wa kwanza, niseme maneno yangu ya buriani. Nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi. Kijana aliyeshika simu aliisogeza kwenye kipaza sauti mapema, Doto akiwa bado anasoma. Mimi sikujua.

Doto alisoma kwa sauti ya mahakama. Marehemu alizaliwa, marehemu alisoma, marehemu alijiunga na posta. Kisha akasema, "Marehemu alikuwa mtu makini, asiyependa mzaha maishani mwake."

Na ng'ambo ya ukuta, sebuleni, nikasikia tubwi la ile filamu. Nikasikia kijiko kinagonga kikombe.

Kicheko kilitoka tumboni. Nilikisikia kikitoka kwangu, halafu nikakisikia tena kikirudi kupitia simu, kimekuzwa na zile spika za kukodi, juu ya kaburi la baba yangu. Nilijiziba mdomo. Hakikukoma. Kule kukawa kimya kabisa, hata kikohozi hamna.

Doto akasema, "Kata simu."

Basi. Karatasi yangu ikabaki mezani.

Nilikwenda sebuleni nimewaka, Mungu anisamehe. Nikamuuliza Neema ni nani anawasha filamu alfajiri siku ya kuzika. Alinijibu kwa Kiingereza chake, polepole, kwamba hii ndiyo filamu ya babu, na kwa kuwa babu anazikwa leo aliona bora mtu aitazame. Alikuwa amekaa peke yake na blanketi, sauti ameiongeza. Mtoto wa miaka tisa. Alikuwa anaomboleza, na mimi nilikuja kumgombeza.

Sikulia hapo. Wala siku zilizofuata sikulia. Shangazi alinitumia ujumbe kwamba Marekani imenila akili, kwamba hata mchawi husubiri watu waondoke makaburini ndipo acheke. Nikasoma, nikaweka simu chini, nikaenda kufua. Nikimpigia Doto, simu iliita hadi ikakata. Nilimwandikia nisamehe mara sita, ya saba nikashindwa kuimalizia.

Ijumaa nilirudi kazini. Kwenye droo yangu ya chini ipo sanamu ya plasta ya fizi za baba, ile niliyomwaga kwenye umbo lake mwaka ule. Nilikuwa nimesahau kabisa. Pembeni, plasta ilipokuwa mbichi, kidole gumba changu kimeacha alama. Nilikaa nayo mkononi mpaka bosi akaja kuuliza kama niko sawa. Nikamwambia ndiyo. Nikamuuliza kama anataka kahawa.

Leo, saa tano hivi asubuhi, simu ikalia ujumbe. Doto. Picha ya glasi dirishani, meno ndani, na chini yake: "Tulisahau kumvalisha."

Niliisoma nimesimama. Nikakaa, nikaisoma tena. Kama ananilaumu, ananilaumu vikali: wewe uliyecheka, tazama, hata meno yako hayakwenda naye. Kama ni kitu kingine, basi ni mzaha wa baba mtupu. Uso wa Doto ni wa baba, hausomeki ukiwa mbele yako, sembuse kwenye simu. Nikapiga.

Ikaita mara moja akapokea. Nilimsikia anavyopumua, na nyuma yake mbwa wa jirani wanabweka.

"Kulwa."

"Naam."

"Baba amezikwa kibogoyo."

Sauti ileile ya kusoma wasifu, kavu. Nilimwomba Mungu anionyeshe nicheke au niombe radhi, maana nikikosea hapo nimempoteza na huyu.

"Sijui huko atatafuna nini," akasema.

Halafu pumzi yake ikakatika. Nikasikia kwanza kicheko, kicheko cha Doto ambacho sikuwa nimekisikia tangu tukiwa wadogo, kisha hakikuwa kicheko tena. Alilia kama mtoto, mwanaume wa miaka arobaini na moja. Na mimi nikalia. Hatimaye. Nililia mpaka Neema akatoka chumbani akaja kukaa miguuni pangu.

Alipoweza kusema, Doto aliniambia jambo ambalo nimelibeba mchana mzima. Aliposema baba hakupenda mzaha, alimtazama Mzee Pazi, na Mzee Pazi alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika. Ndipo kicheko changu kikatoka kwenye spika.

"Sikukata kwa hasira," akasema. "Ungeendelea sekunde moja, na mimi ningecheka mbele ya mchungaji. Na simu zako sikupokea kwa woga huohuo."

Kwa hiyo watoto wote wawili wa yule mzee, na mtani wake, tulikuwa tunacheka juu ya kaburi lake, kila mmoja amejificha. Na mimi nimekaa siku nane nikidhani niko peke yangu.

Haijanirudishia mazishi. Udongo umeshafukiwa, nami sikuwepo, na pasipoti haijarudi. Karatasi ya buriani bado iko mezani, imeloa chai pembeni.

Siku ya arobaini Mzee Pazi ameruhusiwa kufanya kazi yake, na simu itawekwa tena kwenye kipaza sauti. Nitasema nini? Sijui. Nimemwomba Doto jambo moja tu. Nikicheka, asikate.